Sababu ya Kubadilisha Bastola

Ukishuka Porte de Namur, huku Ubelgiji, ukaifuata Chaussée d'Ixelles, usipumbazwe na maduka ya nguo. Kata kona pale penye saluni tatu zinazogombania mteja mmoja, utaona benchi la mbao mbele ya duka la simu lililofungwa tangu mwaka juzi. Manispaa iliweka benchi lile ili watu wapumzishe miguu. Wana Katanga wakaligeuza bunge. Asubuhi za kazi Tshibangu, mstaafu wa kupakia mizigo uwanja wa ndege, huwahi upande wa kushoto. Alisoma sheria mwaka mmoja Lubumbashi akaacha, na mwaka ule mmoja umemtosha kuitwa Avocat, yaani wakili, hadi leo. Upande wa kulia ni wa Nday, fundi cherehani, aitwaye Mètre kwa ajili ya utepe wa kupimia usiomtoka shingoni. Katikati hukaa Hamadi, mtu wa Tanga, anayesafisha ofisi za wakubwa alfajiri na kuja na habari zao zikiwa bado moto. Huyo ndiye Redio. Maman Marie-Jeanne yeye haketi, anazunguka na termosi yake ya kahawa ya tangawizi, na hakuna kesi inayoamuliwa pale bila yeye kutia neno.

Jumatano moja ya mwezi wa tatu Numbi alifika na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaomba kahawa, akainywa amesimama.

— Keti, Maman Numbi, alisema Avocat, akisogea inchi moja ambayo isingemfaa hata mtoto. Muntu anakunywa wima, batu banafikiri polisi iko nyuma yake.

— Siketi. Onze heures, saa tano, niko na rendez-vous ku dépôt. Na hii karatasi sijaimaliza.

— Karatasi ya nini?

— Ya kubadilisha pistolet. Nirudishe ile mukubwa, banipe ingine yenye iko sawa na mukono yangu.

Benchi zima likaketi vizuri. Si kila siku linapata kesi ya namna hiyo.

Numbi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Likasi, mfupi, mwenye mabega ya kazi na viganja vidogo ambavyo wifi zake walimtania navyo tangu siku ya ndoa. Kazi yake ni kulinda fedha za watu. Asubuhi huvaa fulana ya kuzuia risasi, hufunga bastola kiunoni, hupanda gari la chuma na huzunguka madukani kuchukua mauzo. Jioni bastola inabaki dépôt, ghala la silaha la kampuni, yeye anarudi nyumbani mikono mitupu. Ameifanya kazi hiyo miaka minane, yote katika gari moja na Mbelgiji aitwaye Louis, na ndiyo iliyomlea bintiye Chloé mpaka akaingia chuo cha uuguzi.

Akawaeleza, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumweleza. Mtihani wa kulenga shabaha, ambao miaka yote aliupita kwa tundu la sindano, ameshaanguka mara mbili tangu Januari. Risasi zake zinakwenda kushoto, zote. Mtihani wa tatu ni Ijumaa, na akianguka na huo, kibali cha silaha kinachukuliwa, na kibali kikichukuliwa kazi nayo imekwenda. Wiki iliyopita mwalimu wao, Karel, Mflamandi asiye na maneno mengi, alisimama kando yake akamtazama mkono badala ya kutazama shabaha. Akamwambia aweke silaha chini. Bastola hii ni kubwa kwako, akamwambia. Kidole chako hakifiki pale pa kuvuta mpaka uizungushe kwanza kiganjani, na ukiizungusha mdomo wake unakwenda kushoto. Kuna nyingine ndogo kabatini. Jaza karatasi, Jumatano uje, dakika kumi tumemaliza.

— Bon, kama ni dakika kumi, unateseka juu ya nini? akauliza Mètre.

— Mustari ya ine. Banaandika hapa: sababu.

— Andika iko mukubwa. Affaire imekwisha.

— Niliandika vile. Chef, mukubwa wa kazi, akanirudishia. Anasema: Madame, pistolet haikukomaa, na weye haukuwe mutoto. Kama miaka huit ilikuwa bien, kitu gani imebadilika?

— Ana haki, akasema Avocat. Mu sheria banaitaka kitu yenye imebadilika. Élément nouveau.

— Karel alinipa shauri chini-chini. Andika mukono inauma toka baridi, anasema, hakuna mutu atauliza tena.

— Mbona hukuandika hivyo? akauliza Redio. Mtu kakupa na jibu kabisa.

Numbi akanywa kahawa. Jibu alikuwa nalo, ila lilikuwa limemkaa kifuani tangu Novemba na halikutaka kutoka.

Novemba ile, saa nne asubuhi, Louis alitoka na mfuko mlango wa nyuma wa duka moja, Numbi akiwa amesimama hatua sita kutoka kwake. Watu wawili wakatokea nyuma ya mapipa ya takataka, mmoja ana bunduki fupi. Numbi alichomoa. Alichomoa upesi kama alivyofundishwa, na kidole hakikufika, akaizungusha bastola kiganjani kama alivyokuwa akiizungusha miaka minane, na katika kuizungusha mdomo ulikwenda pembeni. Ulikuwa muda wa kupepesa jicho. Yule mtu akafyatua, Louis akaanguka na nyonga imevunjika, wale wakakimbia bila hata kuchukua mfuko. Kamera ilimwonyesha Numbi mgongo tu. Polisi wakaandika kwamba hakuwa na kosa, kampuni ikampa wiki mbili za kupumzika na barua ya pongezi, na yeye hakumwambia mtu habari ya kidole. Sasa aandike mkono ulianza kuuma baridi hii, uongo mdogo hivyo? Angeandika, na Ijumaa angefaulu, na Louis asingejua mpaka anaingia kaburini. Hilo ndilo lililomfanya anywe kahawa amesimama.

Mètre alikuwa ameshavua utepe shingoni.

— Leta mukono.

Akampima kuanzia kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, akapima na upana, akaandika kwa chaki kwenye mgongo wa benchi kama anavyoandika kiuno cha bibi harusi.

— Seize et demi, kumi na sita na nusu. Sikia, Maman Numbi. Nilipimaka batu Lubumbashi miaka kumi, nikapima batu hapa miaka ishirini na mbili. Muntu akitoka kule mukono yake iko mukubwa. Anakaa hapa, baridi inaukunja. Kidogo-kidogo. Njo maana pete ya ndoa ya batu betu inaanguka mu lavabo banapo nawa mikono. Andika: baridi ya Ubelgiji ilikunja mukono. Iyo ni kitu yenye imebadilika.

— Pete zinaanguka juu ya mambo mengine, akasema Marie-Jeanne, wala hakucheka.

— Mie nakwambieni kosa ni la sistimu, Redio akadakia. Mnajua bastola zinaagizwaje? Kuna kompyuta. Inachukua mikono ya wafanyakazi wote, inajumlisha, inagawa, inapata mkono wa katikati. Wanaume mia tatu, wanawake wanne, sasa mkono wa katikati utakuwa wa nani? Hakuna binadamu mwenye mkono ule. Kuna ghorofa moja nasafisha, nimeiona mashine yenyewe, ina taa ya buluu. Andika kosa la sistimu. Mzungu ukimwambia sistimu ananyamaza.

— Ile ni mashine ya kahawa, akasema Avocat.

— Ya kahawa iko chini. Hii iko juu.

Marie-Jeanne akamwongezea Numbi kahawa ambayo hakuiomba. Yeye alikuwa na lake, na alilisema taratibu, maana alilichukulia kwa uzito.

— Bote munaongea mukono. Mimi nauliza pistolet. Mbele ya Numbi ilikuwa ya nani?

— Ya mutu moja alienda pension, akasema Numbi. Mwanaume.

— Voilà. Mukono ya ule mwanaume ingali mule ndani. Kintu ya chuma inazoea mutu wake, na hii haijamwacha. Numbi akiishika, yenyewe inatafuta mwenyewe, inageuka. Inageuka yenyewe, Numbi, hauko weye. Ungeipeleka ku basilique ya Koekelberg, padri aisomee, bila karatasi, bila chef.

— Haitokake dépôt, Maman.

— Basi padri aende dépôt.

Hakuna aliyecheka. Pale benchini watu wamezoea kuyapa mambo ya namna hiyo nafasi yake, hasa yakiwa na chuma ndani.

— Na tuseme wazi, Marie-Jeanne akaendelea, sauti ikashuka. Ile siku ya Novemba, Mungu njo alikushika mukono. Ule kijana angekuwa amekufa leo, na weye ungekuwa na damu ya mutu. Nilitoa misa ya kushukuru. Haukupiga, Numbi. Mwanamuke wa Mungu hapigake.

Wote wakaitikia. Ndivyo walivyoipokea habari ile tangu mwanzo, kwamba Numbi alikuwa na silaha mkononi na kwa huruma yake hakufyatua. Waliwasimulia watu kanisani. Padri aliitaja, bila kumtaja jina. Numbi alikaa benchi la tatu siku hiyo, akainamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Ilikuwa haya, haya tupu, na alitoka kabla ya komunyo.

— Tuachane na Novemba, akasema.

 Avocat alianza kwa kidole juu, na benchi likajua hukumu inakuja.

— Munakosa bote. Hii haiko ajali. Serikali, kampuni, bote bamoja, banakupatia kintu yenye haikutoshe kwa kusudi. Veste ya kuvaa, nyumba, hata jina mu karatasi, banaandika vibaya kwa kusudi. Njo examen ya kweli, ile ya kupiga shabaha ni ya kudanganya macho tu. Banataka kuona: nani atarudisha? Wenye kurudisha, banabaandika pembeni. Siku ya kupunguza batu ku kazi, wanafungua pale pembeni. Numbi, usipeleke ile karatasi. Kaza mukono. Ijumaa lenga kulia zaidi.

Mètre akasonya. Redio akasema Avocat leo amepitiliza. Lakini Numbi aliketi. Ile inchi moja aliyoachiwa ilimtosha, na alishika kikombe kwa mikono yote miwili.

— Papa yangu alisemaka vile, akasema.

Wakamtazama.

— Ku Likasi. Siku ya kwanza ku kazi, balimupa bottes, viatu ya kazi, quarante-trois. Yeye mguu wake ilikuwa trente-neuf, ndogo kabisa. Akataka kurudi ku dirisha ya kampuni abadilishe. Wazee ba kazi bakamushika shati: hapa haturudishake. Wenye kurudisha banaandikwa. Akazivaa. Alizijaza magazeti mbele, ku vidole. Miaka dix-neuf, kumi na tisa. Magharibi akirudi anavua, anatoa yale magazeti, mama anayakausha ku ukuta. Mi nilijifunzaka kusoma mule. Herufi zilikuwa zimekunjwa, zinanuka mguu.

 Tramu ilisikika mbali, upande wa barabara kubwa.

— Akaanguka nazo?

Aliyeuliza ni Redio, na aliuliza polepole.

— Siku moja kiatu ilikamatwa chini ya wagoni, yeye akavuta mguu, kiatu ikabaki, mguu ikatoka, ikaingia pale hapakufaa. Balimukata hapa. Numbi akaonyesha juu ya kifundo. Na siku ya kilio yake, nyuma ya miaka, chef mwenyewe alikuja na kofia mu mukono, akasimama mbele ya batu bote, akasema: huyu hajarudishaka kintu hata siku moja. Mama yangu alilia juu ya furaha. Shiye bote tulijivuna. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nikasema, na mimi nitakuwa vile.

— Ni sifa kubwa, Avocat akasema, lakini kidole kilikuwa kimeshashuka.

— Na miaka huit nyuma, ku dépôt, balipoweka ile pistolet mu mukono yangu, nilisikia kidole haifike. Ile dakika. Mutu wa kabati akauliza, ça va, Madame? Nikasema asante, iko bien.

Mètre akatazama ile chaki yake kwenye mgongo wa benchi, akaifuta kwa kiganja. Marie-Jeanne alibaki ameinamisha termosi, kahawa haimiminiki popote. Wote watatu, pamoja na Avocat, walikuwa watoto wa kambi za kazi, na kila mmoja alimjua baba wa namna ile ndani ya nyumba yake. Redio peke yake hakuwa wa kule, na kwa kuwa hakuwa wa kule akili yake ilikuwa huru kwenda mbele.

— Ngoja kwanza, akasema. Kama kidole hakikufika tangu siku ile, basi hata Novemba...

— Hamadi, kunywa kahawa, akasema Marie-Jeanne, akamjazia kikombe mpaka kikamwagikia vidole.

Ikawa imechelewa. Numbi alikuwa amemsikia, na alikuwa ameona kwamba wengine nao wamesikia. Ile misa ya kushukuru ilikuwa imeanguka katikati yao, na hakuna aliyejua aiokote vipi.

Ndipo Louis akatokea kona ya saluni.

Hakuwahi kufika pale benchini. Walimjua kwa habari na kwa picha ya harusi ya shangazi wa Chloé, binti wa Numbi, ambako alicheza mpaka akavua tai. Mzungu wa miaka hamsini na tisa, mrefu, kofia ya sufu, gongo moja mkono wa kulia. Alizaliwa Kamina, huko huko Katanga, akakulia kule mpaka miaka kumi na mmoja, na Kiswahili chake ni cha kule, kimekaa kama alivyokiacha utotoni. Alikuja akivuta mguu, anatabasamu, na Numbi akaishika karatasi magotini. Hospitali alikwenda kumwona mara mbili tu, na mara zote mbili alihakikisha kuna watu wengine chumbani.

— Yambo bote, akasema Louis. Njo kusema hii ni ile benchi. Numbi, Karel alinipigia. Ananiambia uko na rendez-vous onze heures, unabadilisha. Nilikuwa Woluwe ku mazoezi ya mguu, nikasema bon, napanda bus, namupeleka. Ni siku ya kwanza bananikubalia kutembea mbali.

Wakampisha. Mètre alisimama kabisa ampe nafasi, Marie-Jeanne akampa kahawa, na kwa muda kila mtu alizungumza juu ya mguu wake ili asizungumze juu ya mengine. Chuma ngapi zimetiwa? Mbili. Usiku inauma? Kidogo, mvua ikija. Atarudi kazini? Labda ofisini, ku téléphone, akasema Louis, na akatazama pembeni aliposema hivyo, kwa kuwa miaka thelathini alikaa ndani ya gari na hakupenda simu.

— Na hii karatasi? akauliza, akiiona magotini mwa Numbi.

— Tunamusaidia sababu, akasema Mètre, akafurahi kupata la kusema. Mimi nasema baridi ilikunja mukono. Redio anasema kompyuta. Maman anasema padri.

Louis akacheka, akaipokea karatasi, akaisoma kwa miwani iliyoshuka puani. Kisha akamgeukia Numbi, na aliuliza kama mtu anavyouliza habari ya jino.

— Mais weye, iko inakusumbua toka lini?

Avocat, Mètre na Marie-Jeanne, waliokuwa na sababu ya kila jambo chini ya jua, wakatazama viatu vyao. Redio akashika vidole vyake vilivyoungua kahawa. Numbi alifungua mdomo ajibu.

— Toka baridi imeanza, akasema Avocat.

Aliisema vizuri, kwa sauti yake ya mahakamani, akimtazama Louis usoni. Alimtolea Numbi uongo huo kama mtu anavyomvulia jirani koti lake.

— Ah bon, akasema Louis. Toka baridi. Ni ile arthrose ya viungo, mimi pia niko nayo. Andika basi, twende.

Akamrudishia karatasi na kalamu yake mwenyewe juu yake. Ilikuwa imekwisha. Numbi aliishika kalamu, na alijua kwamba akiandika maneno yale hakuna mtu wa benchi lile atakayefumbua kinywa, si leo, si kwenye msiba wake. Wangemficha mpaka mwisho. Wangemficha kwa upendo. Alihisi upendo ule umemkaba.

— Hapana, akasema. Avocat anakudanganya juu yangu. Haikuwe baridi. Ni toka siku ya kwanza.

Louis akavua miwani.

— Siku ya kwanza ya nini?

— Ya kazi. Kidole haikufikaka. Kila mara naigeuza kwanza mu mukono, njo inafika.

— Kila mara.

— Kila mara.

Numbi aliona jinsi neno lilivyomwingia. Lilipita usoni, likashuka, likafika kwenye mkono ulioshika gongo.

— Hata ile siku, akasema Louis. Hakuuliza, alisema.

— Hata ile siku. Nilikuwa nageuza. Wote banasema Mungu alinishika, huruma ilinishika. Hakuna kitu ilinishika, Louis. Nilitaka kumupiga. Nilikuwa nageuza pistolet, na yeye akakupiga weye.

Marie-Jeanne akaweka termosi chini. Mlango wa saluni ulifunguka, muziki ukatoka, ukafungwa tena.

Ikawa Mètre ndiye aliyeona inafaa kumtetea. Akamweleza Louis habari ya bottes, namba arobaini na tatu kwa mguu wa thelathini na tisa, magazeti ukutani, chef na kofia yake kilioni. Aliieleza yote kwa haraka, na aliieleza vizuri kuliko Numbi. Louis alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anatikisa kichwa, maana Kamina nako kulikuwa na dirisha la namna ile, na hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

— Ile nasikia, akasema. Kampuni, nasikia. Haurudishe kintu ku kampuni. Najua mambo yale.

Akatafuta maneno, akayapata ya utotoni.

— Lakini mimi je? Miaka huit tulikaa mu gari moja. Nilikula bukari, ugali ya mukono yako. Ulinieleza vile mume wako alikuacha. Nilikueleza kifo ya mutoto yangu, bibi yangu wa ndoa sijamwelezaka vile. Mimi sikukupa ile pistolet. Mbona mimi haukuniambia?

Avocat alikuwa na jibu la serikali. Redio alikuwa na la mashine, Mètre la baridi, Marie-Jeanne la mbinguni. Swali hilo halikuwa lao. Numbi alilitafuta jibu kwa kweli, akarudi nyuma mwaka kwa mwaka, akiziona asubuhi zote zile, vioo vina ukungu, Louis anamenya chungwa na kumpa nusu. Mara ngapi angeweza kusema? Neno moja tu, kidole haifike, na Louis angegonga kwa Karel jioni ile ile. Alilijua hilo. Alimpenda mtu huyu kama ndugu, na hakumwambia. Alipoliona jibu, lilikuwa dogo na baya, na angelipendelea lingine lolote.

— Nilikuhesabu pamoja nabo, bale ba kampuni, akasema. Ku ngambo ya dirisha.

Louis alibaki anamtazama. Numbi aliona kwamba amemuumiza mahali ambapo risasi haikufika. Mtu wa Kamina, aliyejiita mwana wa kule mbele ya kila aliyetaka kusikia. Miaka minane alidhani anajulikana hivyo ndani ya lile gari.

Alimalizia kahawa yake. Akampa Marie-Jeanne kikombe, akamshukuru. Akaegemea gongo akasimama, kwa taabu, na Mètre aliyenyoosha mkono kumsaidia akaurudisha.

— Mguu, nilishasamehe, akasema. Ule kijana nilimusamehe ku hospitali, kweli. Hii ingine, sijue. Sijue bado. Louis akatazama saa yake. Andika mambo ya kweli, twende. Utachelewa.

Numbi akaandika pale pale, karatasi juu ya goti: tangu siku ya kwanza, na nilinyamaza. Kisha akamfuata. Louis hakumngoja wala hakumkimbia, asingeweza kukimbia. Walikwenda kuelekea kituo cha basi, yeye na gongo lake, Numbi kando yake akipunguza hatua. Benchini watu walibaki wakiwatazama mpaka wakapinda kona.